Kupiga na Kupika kwenye Njia ya Kolwezi

Jamani, nimesikia. Tangu nirudi Tukuyu, kila ninayekutana naye ananisalimu upesi upesi, kisha anatazama mikono yangu. "Na tarumbeta je?" Wengine hamjauliza hata hilo, mmeshamaliza kesi wenyewe. Pale kwa wauza mbolea inasemekana niliifikisha Kolwezi, nchi ya shaba, nikaiweka kwenye mizani na kuiuza kwa kilo. Mzee wa kanisa naye ananitazama kama mtu aliyeuza kengele. Basi kaeni niwaeleze mara moja, maana nimechoka kueleza kipande kipande njiani huku watu wakiwa wamebeba ndizi.

Tarumbeta yenyewe mnaijua. Ilikuwa ya kaka yangu, marehemu Anyosisye, sauti ya kwanza ya bendi yetu ya kanisa. Mimi nilikaa nyuma yake, sauti ya tatu, ile ambayo isipokuwepo watu hawajui kilichokosekana. Kaka alipuliza vizuri na alikunywa vizuri. Kanisa lilimtenga kwa ajili ya gongo, na kila ilipokaribia Pasaka likamrudisha, kwa sababu alfajiri ya ufufuo bila yeye ilikuwa inaamsha kuku tu. Tarumbeta yake ilinuka gongo na shaba, na sisi tuliokaa jirani naye tulijifunza kupumua kwa mdomo. Alipofariki, katibu wa bendi aliiosha kwa maji moto, sabuni na majivu, mpaka ikawa safi kama bakuli la sadaka. Lusajo, mwanawe, aliipokea, akainusa, akanirudishia.

Lusajo huyo ndiye aliyekwenda Kongo kuziba rejeta za malori. Siku moja akanipigia simu. "Baba mdogo, naoa. Mchumba wangu Mujinga."

"Mwanangu," nikamwambia, "hata kama ndivyo, mchumba hasemwi hivyo."

Ikabidi anieleze kwamba kwa Waluba hilo ni jina, tena la heshima, la mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni. Mimi nilielewa. Dada yetu mkubwa hakuelewa, na Jumapili ile alimwombea kwa sauti, mbele ya kanisa zima.

Kisha Lusajo akasema neno lililonipeleka safari. "Sitaki sufuria wala blanketi. Baba hatakuwepo. Nataka tarumbeta yake initoe kanisani." Nikamwahidi itafika, na mimi mwenyewe nitaipuliza. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa jasho njia nzima.

Tunduma hadi Lubumbashi: shaba inatoka, mimi naingia

Mambo ya pasipoti na mihuri nayaruka. Mliosafiri mnayajua, na msiosafiri hamtayaamini.

Nilipata lifti kwa dereva wa lori wa kwetu aliyebeba chokaa ya kusafishia madini. Njia nzima ya Zambia tulipishana na malori yanayorudi Dar es Salaam, kila moja limebeba mabamba mekundu ya shaba, yamefungwa kwa mikanda kama mabunda ya shuka. Ni mazito kiasi kwamba mabunda machache tu yanalijaza lori, na anayetazama kwa mbali anadhani linakwenda tupu. Dereva akaniambia mabamba hayo yatakuwa nyaya za umeme huko China, na mota, na matumbo ya friji. Nikaibana tarumbeta yangu kifuani. Ilikuwa shaba pekee barabarani iliyokuwa ikielekea Kongo.

Pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, ofisa mmoja alifungua mfuko wangu.

"Hii ni cuivre?"

"Ni tarumbeta."

"Tarumbeta ya nini?"

"Ya shaba."

"Njo nauliza, tata. Ni cuivre?"

Akaamuru nipulize kuthibitisha. Nikapuliza ubeti mmoja, na wabadilishaji fedha wakaacha kubadilisha. Ofisa alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Batu bote banatoa mukuba huku, weye unaleta! Ni kama kubeba bunga kupeleka ku mashini." Cuivre ni shaba kwa Kifaransa, mukuba ni hiyo hiyo kwa lugha zao za zamani, bunga ni unga, na njo ni ndiyo. Nikapita, na nyuma yangu nikamsikia akimhadithia mwenzake.

Lubumbashi nililala kwenye nyumba ya wageni ambayo dirisha lake lilitazama kilima cheusi. Nikauliza mlima ule unaitwaje. Mwenye nyumba akasema si mlima, ni takataka iliyobaki baada ya kuyeyusha shaba. Mtu akitaka kujua shaba kiasi gani imetoka pale, atazame makombo.

Lubumbashi hadi Likasi: mama mwenye chungu

Asubuhi nikapanda taksibasi ya Tata Ramazani, yaani Baba Ramazani, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, ambaye baba zake walitoka Maniema. Kiti cha kando yangu alikuwa amekaa mama mtu mzima, amejifunga kikwembe cha rangi ya nyanya, na miguuni pake kuna chungu cha chuma ambacho kingeweza kupikia shule.

"Jambo yenu, tata," akanisalimu.

Nikageuka kutazama nani mwingine yuko nyuma yangu. Kumbe huko mtu mzima husalimiwa kama watu wengi. Nikamjibu "Shikamoo, mama," naye akageuka kutazama nyuma yake. Tukawa tumelingana. Jina lake Mama Feza, na alikuwa amekuja Lubumbashi kununua chungu kwa ajili ya harusi ya mjukuu.

Tata Ramazani alikuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa hawezi kuona kitu bila kutaja madini yake. Simu yangu ilipolia, akadakia akiwa usukani.

"Mu batri ya ile simu kuko cobalt ya Kolwezi. Ukipiga simu, unaongea na Kolwezi mbele ya kuongea na bibi yako!"

Bibi kwao ni mke. Nilifikiri kidogo juu ya marehemu bibi yangu, kisha nikaelewa. Tochi yake ya mkononi, akasema, betri zake zinataka manganizi, na manganizi iko Kisenge, mbele ya Kolwezi kwenye njia ya reli inayoelekea Angola. Tulipopita nyumba zilizoezekwa bati, nikaona na mimi nichangie. Nikasema bati lile ni mali ya Kongo pia, maana tulisoma shuleni kwamba Kongo ina bati.

"Hapana, tata!" Aliumia kweli. "Ile ya ku nyumba ni chuma inavaa koti ya zinc. Zinc iko Kipushi, pale nyuma yetu. Etain, ile munaita bati, iko Manono, na iko kwetu Maniema. Musichanganye."

"Shaba ya kwetu Kolwezi njo mukubwa wa bote," akasema Mama Feza.

"Shaba ni mukubwa, nakubali. Lakini shaba mbili hazishikane bila etain. Ni kama bwana na bibi kama hakuna mutu wa kubasemea."

"Na chungu yangu?"

"Chuma."

"Ya wapi?"

Tata Ramazani akakohoa. "Chuma tuko nayo mingi mu udongo, mama, lakini ingali inalala. Chungu yako inatoka Zambia." Mama Feza akakitazama chungu chake kama mtu aliyegundua kwamba mkwewe ana deni.

Njaa ilipotushika, akafungua kikapu chake. Bukari, yaani ugali, ilikuwa imefungwa kwenye jani, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na dagaa wa kukaanga. Nilikula kama niliyekuja kwa kazi hiyo. Alipoinama kurudisha sahani, kikwembe kilichofunika chungu kikasogea, na ndani nikaona bomba jembamba la shaba, jekundu, limejipinda mizunguko mizunguko. Mtu wa bendi humjua mwenziwe. Nikainama sikioni mwake, maana injini ya Tata Ramazani ilikuwa inameza nusu ya kila neno.

"Mama, na wewe unapiga?"

Akashtuka. Akamtazama dereva, kisha akanitazama mimi, na tarumbeta yangu iliyochomoza shingo kwenye mfuko. Uso ukalegea.

"Napiga, tata. Tangu zamani. Lakini polepole. Bapolisi bakisikia arufu tu, banabeba yote, chungu na bomba."

Harufu ya muziki! Nikasema moyoni, labda ndicho Kiswahili chao. Ila lile la polisi nililiweka akilini.

"Na weye?" akanong'ona. "Unapiga mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Na Pasaka, tunaanza kabla ya jua."

"Jumapili? Fasi gani?"

"Kanisani, mama. Mchungaji mwenyewe ndiye anayetuhimiza."

Mama Feza alikirudisha kikwembe juu ya chungu, akakipapasa. "Kanisa yenu," akasema mwisho, kwa heshima kubwa, "njo ya kweli."

Likasi hadi Kolwezi: tuta moja tu

Tuliposimama Likasi kunyoosha miguu, niliona askari wawili kivulini wakila mahindi. Sikungoja. Nikaitoa tarumbeta mapajani, nikaivingirisha kwenye koti, nikaitia kwenye gunia langu la safari na kuisukuma nyuma kabisa ya gari. Mama Feza akaniunga mkono, akaleta chungu chake na kukiweka juu ya gunia, ili kisionekane na yangu isionekane. Tulitazamana kama wezi wawili wenye roho safi.

Baada ya hapo nchi inabadilika rangi. Vumbi linakuwa jekundu, kisha la kijivu, kisha jekundu tena, na malori ya asidi yanapita yakiwa na michoro ya mikono inayoyeyuka. Kila mlima ama unakatwa ama unamwagwa. Tata Ramazani alikuwa ananionyesha huku akiacha usukani, na ndiyo maana hakuliona tuta, ambalo huko wanaliita dodane.

Gari liliruka. Abiria waliruka. Chungu nacho kiliruka, kikatua. Nilisikia sauti ndogo nyuma, kama mtu amekanyaga kikombe cha bati. Nikajipa moyo kwamba ni kikombe cha bati.

Mbele kidogo tukafika kizuizini. Askari akachungulia, akamsalimu Mama Feza, akaniuliza mimi ni mgeni wa wapi. Nilipomwambia naenda harusini, akasema, "Mucheze sana, tata, mupige miziki!" na kutufungulia. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi wa aina nyingine: basi tarumbeta nimeificha ya nini?

Kolwezi, pale kwenye mzunguko wa barabara, Mama Feza alishuka upesi, akarukia pikipiki, chungu mapajani, na kupotea kati ya mapikipiki mengine mia. Mimi niliteremka Dilala, kwenye maegesho, nikafungua gunia.

Mdomo mpana wa tarumbeta ulikuwa umekunjwa kama jani la sombe. Huo ungenyooshwa. Lakini lile bomba jembamba la mbele, linalopokea pumzi ya mpulizaji, lilikuwa limebonyea na kukatika. Chuma kimeiponda shaba. Nilikaa chini juu ya gunia. Harusi ilikuwa kesho, na nilikuwa nimembeba kaka yangu kutoka Tukuyu nikamvunja mlangoni.

Dilala: natafuta risasi

Lusajo akapiga simu. Nikamwambia bado niko njiani. Nilitaka kwanza niipate dawa, ili aione ikiwa nzima. Nyumbani kwetu fundi akitaka kuunga shaba, hutumia ile waya laini ya kuyeyusha, na ninyi mnajua tunaiitaje. Nikaingia sokoni, kwa mama aliyeuza misumari, kufuli na nyaya.

"Samahani, mama. Naweza kupata risasi?"

Akaacha kufunga misumari. "Risasi?"

"Ndiyo. Kidogo tu, inanitosha. Kesho napiga harusini."

"Uta... utapiga nani?"

Niliona swali la ajabu, lakini nikajibu kwa ukamilifu. "Naanza na bibi harusi, akitoka mlangoni tu. Halafu bwana harusi. Kisha wakwe, nao wasijisikie wametengwa."

Yule mama akafunika misumari kwa turubai. Wa jirani yake akafunika nyanya. Nikaenda meza ya tatu, nikauliza kwa upole zaidi, nikiongeza kwamba silaha yangu, yaani chombo changu, iko hapa kwenye gunia, ila kwa sasa haitoi sauti. Nilipogeuka, soko lilikuwa limenipa nafasi kubwa sana, na askari watatu walikuwa wanakuja wametawanyika, kama watu wanaomkamata kuku.

"Weka gunia chini, tata. Polepole."

Nikaweka. Mkubwa wao akalifungua kwa fimbo. Wote tukaitazama tarumbeta iliyopondeka.

"Hii ni silaha ya namna gani?"

"Ya kaka yangu. Marehemu."

"Alikufa na hii?"

"Hapana, afande! Alikufa na ini!"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Nilipotaja Tata Ramazani, wakamwita, maana maegesho yalikuwa karibu. Alisikiliza kesi yangu mwanzo hadi mwisho, kisha akashika nguzo asianguke.

"Anatafuta ETAIN!" akapiga kelele. "Ya kusoude, ya kuunganisha! Weye tata, huku risasi ni ya bunduki! Nilikuambia njia muzima, etain, etain!"

Basi soko lote likaanguka kwa kicheko. Askari mkubwa alijifuta machozi na mkono wa shati. Yule mama wa misumari akanipa ndizi, akaniomba radhi, kisha akaniomba nirudie lile la wakwe. Tata Ramazani akaenda kwenye sanduku la vifaa vya gari lake na kurudi na kikebe kidogo cha waya ya kuungia. "Ya kwetu," akasema kwa fahari. Kikebe kilikuwa na maandishi ya Kichina pande zote. Nilikipokea kwa shukrani, maana mtu akikuokoa mikononi mwa askari humsomei kikebe.

Lakini habari zilikuwa zimenitangulia. Pikipiki ikafunga breki, na Lusajo akashuka, jasho linamtoka. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna Mtanzania anatafuta masasi, yaani risasi za bunduki, ya kuwapiga watu wa harusi yake. Aliponiona alianza kucheka, kisha akaona tarumbeta. Aliichukua kwa mikono miwili. Alipitisha kidole palipokatika. Hakunigombeza, na ningependa sana angenigombeza.

"Tutaona, baba mdogo," alisema tu.

Kapata: bomba la shule

Nyumba za Kapata, mtaa wa wakwe wa Lusajo, zimepangwa mistari, zote za mama mmoja, kama zilivyojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni zamani. Tata Ramazani alitupeleka na akakataa kuondoka. Lusajo alikaa kibarazani kwa wakwe zake, akaunyoosha mdomo wa tarumbeta kwa nyundo ya mbao mpaka ukarudi kuwa mdomo, wenye makunyanzi. Lakini bomba lilikuwa limekufa. Kilihitajika kipande chembamba cha shaba, kirefu kama kiganja, chenye tundu la kulingana. Alizunguka mafundi wa friji, mafundi wa rejeta, wauza vyuma chakavu. Fikirini, ndugu zangu. Tulikuwa katikati ya mji ambao shaba yake inajaza meli, na shaba ya kutosha kidole haikuwepo. Ile nzuri yote iko barabarani, inaondoka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Lusajo akaweka nyundo chini. "Basi. Itakaa mezani, watu waione."

Mujinga mwenyewe, msichana mrefu mwenye macho ya kucheka, hakucheka. Akaenda ndani. "Naenda kumuita kambo."

Nikashangaa kusikia ana mama wa kambo. Kumbe kwao kambo ni bibi, mama wa baba. Mlango ukafunguliwa, na kikatoka kikwembe cha rangi ya nyanya.

"Mama Feza!"

"Tata wa kanisa!" Akafurahi kabisa. Kisha akaiona tarumbeta. "Njo hii kitu ilikuwa mu gunia? Chini ya chungu yangu?"

"Mama, si wewe uliniambia polisi wanakamata wanaopiga!"

"Miye? Nilikuambia banakamata wanaopika!"

"Kupiga!"

"Ku-pi-ka! Lutuku, tata! Napika lutuku!"

Lutuku ndiyo gongo yao. Baba yake Mujinga, Tata Monga, shemasi wa kanisa, ambaye rasmi hajui kwamba mama yake anapika chochote chenye nguvu kuliko chai, akainuka na kutoka nje kutazama kama mvua itanyesha. Ilikuwa kiangazi.

Mujinga ndiye aliyepasuka kwanza. "Kama miye njo Mujinga," akasema huku akijishika mbavu, "hawa babili tutabaita nani?"

Tukacheka hadi Tata Monga akachungulia dirishani. Mama Feza alicheka na sisi, lakini macho yake hayakuondoka kwenye tarumbeta. Akauliza ni ya nani. Lusajo akamwambia, kwa maneno machache. Mama akaingia ndani, akaleta lile bomba jipya la mizunguko. Lusajo akalipima, likawa nene mno kwa tarumbeta. Akatikisa kichwa.

Mama Feza akasimama kidogo. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, na aliporudi alikuwa ameshika bomba lingine, la zamani, jeusi kwa moshi, limeliwa na miaka likawa jembamba. Lusajo akalipima. Likaingia kana kwamba lilitengenezewa pale.

"Kambo, nikikata haitafanya kazi tena," akasema.

"Wakati mushahara ya kampuni ilikuwa haikuye," akasema Mama Feza, polepole, akinitazama mimi, "hii bomba njo ililipa masomo. Ilisomesha Monga. Ilisomesha huyu Mujinga. Ilivisha bote. Imeshamaliza kazi yake ku fasi yangu. Mukate."

Dirishani, shemasi hakuwa tena anatazama mawingu.

Umeme ulikuwa umekatika. Bwawa la Nzilo liko jirani tu, lakini umeme wake una safari zake kama shaba. Kwa hiyo Mama Feza akawasha mbabula yake, jiko lake la mkaa, lile lile la kupikia, na Lusajo akaweka chuma chake cha kuungia juu ya makaa. Nilimshikia tarumbeta. Etain ikayeyuka, ikakimbia kwenye maungio ikimetameta, ikatulia. Tata Ramazani alisimama juu yetu kama mkunga.

"Shaba ya Kolwezi, zinc ya Kipushi yenye banachanganya mu tarumbeta, etain ya Maniema," akasema. "Leo njo imekuwa tarumbeta ya kweli."

Nilipuliza. Sauti ilitoka.

Kanisani, na mikono mitupu

Kuna jambo moja tu halikutoka: harufu. Lusajo alipitisha maji moto, sabuni, majivu, limau. Usiku mmoja hauwezi kushinda miaka ya lutuku. Bomba likiwa baridi, hakuna anayejua kitu. Likipata pumzi na joto, linakumbuka.

Mimi sijawahi kuonja gongo, mnanijua. Asubuhi nilisimama mlangoni pa kanisa la Kapata, suti imenibana, sauti ya tatu ya maisha yote nimesimama peke yangu mahali pa sauti ya kwanza. Maharusi walipotokea, nikavuta pumzi. Nilipiga wimbo ule wa kaka, ule wa alfajiri. Hautoki sawasawa na zamani, niwaambie ukweli. Una ukwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Kufikia ubeti wa pili, mchungaji alikuwa ameinua pua. Shemasi Monga alitazama mbele kwa uthabiti wa ajabu. Mama Feza, safu ya mbele, alifumba macho na kutikisa kichwa kwa raha, kama mtu anayesikia jina lake likiimbwa. Yule mama wa misumari alikuwepo pia, na nilipowageukia wakwe, nikamwona ameinama chini ya benchi akijifanya amepigwa.

Tulipofika uani, nikampa Lusajo tarumbeta anishikie ili nisalimiane na watu. Ilikuwa bado ya moto. Nilipogeuka nikaona maharusi hawatazami wapiga picha. Lusajo alikuwa ameinua tarumbeta karibu na uso wake, kama alivyofanya siku ile ya msiba, na hakuwa anaishusha. Mujinga alikuwa amemshika mkono. Mabega ya Lusajo yalikuwa yanatikisika.

Nikamsogelea. Nilidhani imeharibika tena.

"Baba mdogo," akasema, "amekuja."

Nikainusa na mimi. Gongo na shaba. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipumua kwa pua, nikalia mbele ya wakwe.

Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu. Sikuiuza kwa kilo. Katibu wa bendi asinitafute na sabuni yake. Kaka yuko Kapata kwa mwanawe, na kwa ajili ya Pasaka tafuteni sauti ya kwanza nyingine.